Safari na Wanyama Watano: Historia Iliyopita Mlangoni Petu

Mtoto wa Masinya, hapa Busia upande wa Uganda, huwaona wanyama wakubwa wa porini kabla hajajua kusoma. Huwaona katika kiganja cha mama yake. Katika soko la mpakani fedha za nchi mbili huzunguka pamoja, na sarafu za Kenya zilizotolewa Desemba 2018 zina picha za wanyama: twiga kwenye shilingi moja, kifaru kwenye shilingi tano, simba kwenye shilingi kumi, na tembo kwenye shilingi ishirini. Mtoto hununua chumvi kwa kifaru na kurudishiwa twiga.

Siku moja nilizichukua sarafu hizo darasani nikawauliza wanafunzi wangu ni nani kati yao aliyepata kumwona mmoja wa wanyama hao kwa macho yake. Hapakuwa na mkono ulioinuliwa. Nikaionyesha sarafu ya shilingi tano, nikauliza jina la mnyama yule. Jina la Kiingereza walilitaja kwa sauti moja. Jina la Kiswahili halikutajwa. Nilipolitaja mimi, mwanafunzi mmoja alisema kwa mshangao, "Lakini Mwalimu, kifaru ni gari la vita." Wenzake hawakumcheka, kwa kuwa nao walidhani vivyo hivyo.

Mwanafunzi yule hakukosea kabisa. Gari la vita limepewa jina la mnyama kwa sababu ya ngozi yake ngumu na mwendo wake wa kuvunja kila kilicho mbele. Lakini jibu lake lilinisumbua. Lilinionyesha kwamba kivuli cha mnyama kimebaki katika lugha yetu na mnyama mwenyewe ametoweka, na kwamba mwanafunzi hajui kuwa palikuwa na mnyama kwanza. Jambo hilo ni zito zaidi kwetu sisi watu wa mpakani, kwa maana njia kuu ya misafara iliyolieneza neno "safari" ilipita papa hapa, kati ya mto Nzoia na mto Sio, chini ya mlima Elgon. Makala haya yanakusudia kuieleza historia hiyo kwa ufupi: jinsi neno letu lilivyogeuka maana, jinsi wanyama watano walivyochaguliwa kuwa "wakubwa," na ni nani aliyewaona kwanza.

Safari ilikuwa nini?

Neno safari lina asili ya Kiarabu, na katika Kiswahili cha pwani lilikuwa na maana mbili zilizokwenda pamoja: mwendo wenyewe, na kundi la watu waendao, yaani msafara. Katika karne ya 19 mtu wa Pangani au Bagamoyo aliposema kwamba safari imetoka, alikuwa na maana kwamba mamia ya watu wameondoka na mizigo vichwani. Safari hiyo ilikuwa na utaratibu wake na msamiati wake. Kirangozi alitangulia mbele kuonyesha njia. Mnyapara aliwasimamia wapagazi. Hongo ililipwa kwa kila mtawala ambaye nchi yake ilipitwa. Bidhaa zilizokwenda bara zilikuwa nguo, shanga na nyuzi za shaba. Bidhaa iliyotafutwa zaidi huko ilikuwa pembe ya ndovu, iliyopimwa kwa farasila. Pembe kubwa iliitwa buri, pembe ndogo iliitwa kalasha, na pembe ya kifaru iliitwa kipusa. Hata leo magazeti ya Kenya humwita msichana mrembo "kipusa," na ni wachache waandikao hivyo wanaokumbuka kwamba wanataja mali ya thamani iliyochukuliwa katika pua ya mnyama.

Basi yatupasa tufahamu kwamba katika safari za zamani wanyama wakubwa hawakuwa tamasha la kutazamwa. Ndovu alikuwa mali. Nyati alikuwa nyama ya wapagazi na hatari ya njiani. Simba na chui walikuwa sababu ya kujenga boma la miiba kila jioni. Maarifa ya kuwatambua, kuzisoma nyayo zao, kuujua upepo na kupima umri wa kinyesi yalikuwa maarifa ya kazi, kama vile maarifa ya baharia juu ya kusi na kaskazi.

Wengi wa waliokuwa na maarifa hayo hawakuandika vitabu. Hata hivyo baadhi yao waliandikiwa. Mwaka 1870 mmisionari Thomas Wakefield alichapisha katika jarida la Shirika la Kijiografia la London maelezo ya njia za misafara kutoka pwani hadi bara. Aliyempa sehemu kubwa ya habari hizo alikuwa Sadi bin Ahedi, mwongozi wa misafara kutoka upande wa Gazi, kusini mwa Mombasa. Kabla Mzungu yeyote hajaikanyaga njia ya Umasaini kuja Nyanza, Mswahili huyo alikwisha kuieleza kituo kwa kituo. Kadhalika mwaka 1901 Carl Velten alichapisha kitabu kiitwacho Safari za Wasuaheli, ambamo wasafiri wa pwani wenyewe wanasimulia kwa Kiswahili waliyoyaona. Vitabu vya namna hii havina budi kujulikana na kila mwalimu wa Kiswahili, kwa kuwa ndivyo vinavyoonyesha kwamba mwenye safari alikuwa na ulimi wake.

Njia ya kwa Mumia

Kituo kikubwa cha misafara katika pande zetu kilikuwa kwa Nabongo wa Wawanga. Waswahili walipaita Kwa Shiundu kwa jina la Nabongo Shiundu, na baadaye Kwa Mumia kwa jina la mwanawe aliyemrithi. Leo ni mji wa Mumias. Wafanyabiashara wa pwani walipumzika hapo, wakanunua chakula, wakatuma watu wao kwenda kutafuta pembe kuuzunguka mlima Elgon, ambao Wagisu wauita Masaba.

Mwaka 1883 Joseph Thomson, kijana wa Kiskoti, aliifuata njia hiyo kwa niaba ya Shirika la Kijiografia. Katika masimulizi ya shuleni huonekana kana kwamba alikuja peke yake. Sivyo. Alisafiri na wapagazi wengi wa pwani. Mwongozi wake Muhinna alikwisha kufika Umasaini mara nyingi kabla yake. Na kwa sehemu kubwa ya njia alifuatana na msafara wa Jumba Kimameta, mfanyabiashara wa pembe wa Pangani. Desemba mwaka huo alipita Kwa Shiundu, akavuka mto Nzoia, akafika ufuoni mwa Ziwa Nyanza katika pande hizi hizi zilizo sasa mpakani. Hakuendelea kwenda Buganda. Aligeuka akapanda Elgon, na huko aliyakuta mapango makubwa ambamo watu walikuwa wakiishi na ng'ombe wao.

Mapango hayo yana habari ambayo Thomson hakuijua. Yeye alidhani yamechimbwa na watu wa kale waliotafuta madini. Leo twajua kwamba ndovu wa Elgon kwa vizazi vingi wamekuwa wakiingia usiku katika mapango kama Kitum, upande wa Kenya, lenye urefu wa mita 200 hivi kwenda ndani ya mlima. Huingia gizani wakipapasa njia kwa mkonga, huvunja mwamba kwa pembe zao, na huutafuna kwa ajili ya chumvi iliyomo. Ndama hufuata nyuma ya mama zake. Ni ndovu wachache duniani wanaojulikana kufanya hivyo. Kama palikuwa na mchimba madini wa kale katika mlima wetu, basi ndovu naye alikuwamo.

Thomson hakurudi pwani bila kufundishwa adabu na nchi. Siku ya mwisho ya mwaka 1883, akiwa njiani kutoka Elgon kurudi Baringo, alimpiga nyati risasi akamkaribia akidhani amekwisha kufa. Nyati aliinuka, akamrusha hewani, akamtoboa paja kwa pembe. Watu wake walimwokoa kwa kumpiga nyati yule risasi, kisha wakambeba kwa machela siku nyingi. Mwindaji yeyote wa nchi hii angeweza kumwambia mapema: nyati aliyejeruhiwa hafuatwi upesi.

Miaka miwili baadaye askofu James Hannington alipita njia iyo hiyo. Aliacha sehemu kubwa ya msafara wake Kwa Shiundu, akaendelea na watu hamsini kuelekea Busoga, ambako aliuawa tarehe 29 Oktoba 1885. Mwaka 1889 ukaja msafara wa Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki, ukiongozwa na Frederick Jackson. Hapa ndipo ndovu walipoingia katika siasa. Jackson alipokuwa Kwa Mumia, aliondoka kwenda kuwinda ndovu kuizunguka Elgon, na barua zake zikawa kambini. Akiwa huko, Mjerumani Carl Peters alifika Kwa Mumia mapema mwaka 1890, akazifungua barua zile, akajua kwamba Kabaka Mwanga ameomba msaada, akakimbilia Buganda kutia mkataba. Mkataba huo ulibatilishwa na mapatano ya Uingereza na Ujerumani ya tarehe 1 Julai 1890. Lakini fikirini, ndugu walimu: majuma machache mtu akifuata nyayo za ndovu yalikaribia kuifanya Uganda kuwa nchi ya Wajerumani.

Baada ya hapo njia ya miguu ikawa barabara. Barabara ya magari ya ng'ombe ijulikanayo kwa majina ya Mackinnon na Sclater, yenye urefu wa maili 600 hivi, ilitoka Mombasa ikaishia Busia. Mwaka 1902 Jimbo la Mashariki la Uganda likahamishiwa Kenya ya leo, na mito ya Sio na Malaba ikawa sehemu ya mpaka. Watu wa ukoo mmoja wakajikuta ni raia wa nchi mbili. Wanyama hawakuarifiwa, waliendelea kuvuka.

Nani aliwachagua watano?

Siku hizi kila mgeni ajaye Afrika ya Mashariki huja na orodha ya wanyama watano: simba, chui, ndovu, kifaru na nyati. Hurudi kwao akijisifu kwamba amewaona wote, au akisikitika kwamba chui amemkosa. Wanafunzi wetu nao huikariri orodha hii wakidhani ni wanyama watano wenye miili mikubwa kuliko wote. Hesabu ndogo yaonyesha kwamba sivyo. Chui dume hafiki uzito wa watu wawili wanene; kiboko hupita kilo 1,500, naye hayumo. Twiga hana wa kumfikia kwa kimo, naye hayumo.

Orodha hii ilitungwa na wawindaji wageni. Waliwahesabu wanyama waliokuwa hatari zaidi kuwindwa kwa miguu, hasa baada ya kujeruhiwa. Ukubwa uliohesabiwa ni ukubwa wa sifa apatayo mwindaji. Wenyeji wa kando ya ziwa, kama wangeulizwa, wangeweka kiboko mbele, kwa maana ndiye apinduaye mitumbwi na kuharibu mashamba usiku, tangu zamani hata leo. Lakini kiboko hakumpa mwindaji sifa aliyoitafuta, kwa hiyo akaachwa majini.

Serikali za kikoloni nazo zilikuwa na orodha zao. Tarehe 19 Mei 1900 mataifa ya Ulaya yenye makoloni yalitia sahihi mjini London mapatano ya kuhifadhi wanyama wa Afrika. Mapatano yale yaliwagawa wanyama katika mafungu. Wako waliokatazwa kabisa kuuawa, kama twiga. Wako waliohesabiwa kuwa waharibifu ambao idadi yao ipunguzwe, na katika fungu hili waliwekwa simba na chui pamoja na fisi na mamba. Naam, simba ambaye leo mgeni hulipa fedha nyingi amwone amelala chini ya mti, alikuwa katika orodha ya wadudu waharibifu, kwa namna ya kusema. Mapatano hayo hayakuthibitishwa na wote waliotia sahihi, lakini fikra zake ziliingia katika sheria za uwindaji za Kenya na Uganda. Mgeni tajiri aliweza kununua leseni na kuua kwa idadi. Mkulima aliyemtega mnyama aliyekula mtama wake aliitwa jangili. Neno hilo jangili ni la kuchunguzwa sana darasani: lina historia ya sheria ndani yake.

Safari iliyoieneza sifa ya orodha hii duniani ilikuwa ya Theodore Roosevelt, aliyekuwa amemaliza urais wa Marekani. Alifika Mombasa Aprili 1909 pamoja na mwanawe Kermit, wakasafiri karibu mwaka mzima. Novemba mwaka huo walikuwa Uasin Gishu, kando ya mto Nzoia wa juu, wakiwinda ndovu kwa ajili ya jumba la makumbusho la New York. Maji ya mto ule ndiyo yateremkayo mpaka Budalang'i na kuingia ziwani katika Busia ya Kenya. Kisha waliingia Uganda kwa meli kutoka Kisumu, wakaenda mpaka ukingo wa magharibi wa Naili. Kwa hesabu yake mwenyewe, yeye na mwanawe waliua wanyama 512, wakiwamo simba 17, ndovu 11 na vifaru 20. Kati ya vifaru hao, tisa walikuwa vifaru weupe wa kaskazini. Kifaru dume wa mwisho wa aina hiyo, aliyeitwa Sudan, alikufa Ol Pejeta nchini Kenya Machi 2018, akabakiza majike wawili tu.

Kitabu cha Roosevelt kilisomwa na watu wengi, na humo maneno ya Kiswahili yamejaa: safari, askari, boma, shamba, bwana. Wapagazi walimwita yeye Bwana Mkubwa, na Kermit wakamwita Bwana Maridadi. Hivyo neno safari lililokuwa likianza kujulikana kwa wasomaji wa Kiingereza tangu vitabu vya Richard Burton, aliyesafiri kutoka Zanzibar mwaka 1857, sasa likawa na maana mpya: tajiri akienda kuua, na baadaye akienda kupiga picha. Lugha nyingi za Ulaya zimelichukua kwa maana hiyo. Kwetu lingali na maana yake ya asili. Mama atokaye Masinya kwenda Tororo kuuza ndizi yuko safarini, na hakuna amwulizaye kama ameona simba.

Waliowaona kwanza

Hapa pana jambo ambalo lapasa kusemwa waziwazi. Katika vitabu vya wawindaji wa kale, mwandishi ndiye amwonaye mnyama. Lakini ukisoma kwa makini utaona kwamba karibu kila mara kuna mtu mwingine aliyemwona kwanza: aliyesimama ghafula, aliyeinua mkono, aliyeokota jani lililovunjika akanong'ona. Mtu huyo ametajwa kwa jina moja, au kwa kazi yake tu: mfuata nyayo, mbeba bunduki, mpagazi. Alikuwa Mkamba, Mndorobo, Mnyamwezi, Mswahili, Mnandi. Mnyama alipoanguka, picha ilipigwa. Mwenye bunduki alikaa juu ya mnyama, na mtu wetu alisimama pembeni, au alishika mkia.

Silaumu wale waliotembea na wageni. Ilikuwa kazi, na ujira ulihitajiwa. Nasema tu kwamba elimu ilikuwa yao, na jina likaenda kwa mwingine. Hata leo, mgeni katika gari la mbuga asemapo, "Nimemwona chui," mara nyingi ni dereva aliyeuona mkia ukining'inia katika mgunga kwa mbali, akasimamisha gari.

Walikwenda wapi?

Wanafunzi huniuliza: kama wanyama walikuwapo, kwa nini hatuwaoni? Jibu si moja.

Kwanza, biashara ya pembe. Bunduki ziliongezeka, na wawindaji wa pembe walizidi kusogea kaskazini kadiri ndovu walivyopungua. Mwanzoni mwa karne ya 20 Mskoti W. D. M. Bell alipata umaarufu wa kuua ndovu Karamoja, na huko Manimani alikuta wafanyabiashara wa pwani wamekwisha kuweka kituo chao. Lawama ya ndovu ni ya Wazungu na Waswahili pamoja. Historia ya kweli haimfichi mtu wa kwetu.

Pili, maradhi. Sotoka iliingia Afrika ya Mashariki karibu na mwaka 1890, ikaua ng'ombe na nyati pamoja. Mara baada yake ulikuja ugonjwa wa malale, ambao tangu mwaka 1900 hivi uliteketeza watu wa Busoga na pwani za ziwa. Inakadiriwa kwamba zaidi ya watu 200,000 walikufa katika Uganda. Kuanzia mwaka 1906 serikali ya kikoloni iliwahamisha watu wa ufuoni. Mashamba yakawa vichaka, mbung'o wakatawala, wanyama wakarudi. Nyika nyingine ambazo leo huitwa pori la asili ambalo mtu hakulikaa, zilikuwa vijiji. Hata sehemu za mbuga za Murchison na Queen Elizabeth, zilizofunguliwa mwaka 1952, zilikuwa na watu walioondolewa kwa sababu ya malale. Hili si dogo. Picha ya Afrika yenye wanyama bila watu, ambayo wageni huisafiria, kwa sehemu fulani ni picha ya makaburi.

Tatu, kilimo na wingi wa watu. Mpaka wetu ni nchi ya mihogo, mtama na pamba, yenye watu waliokaribiana. Ndovu na shamba la mihogo hawakai pamoja.

Nne, vita na ujangili wa miaka ya 1970 na 1980. Katika miaka ya 1960 Uganda ilihesabiwa kuwa na makumi ya maelfu ya ndovu. Baada ya utawala wa Amin na machafuko yaliyofuata, walibaki kama elfu mbili. Vifaru wa porini walikwisha kabisa mwanzoni mwa miaka ya 1980. Upande wa Kenya, vifaru weusi waliokuwa kama 20,000 mwaka 1970 walishuka hata chini ya 400 kabla ya miaka ishirini kupita. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na Julai 1989 Rais Daniel arap Moi alichoma hadharani tani 12 za pembe za ndovu ili ulimwengu uone. Kuanzia mwaka 2005 Uganda ilianza upya kwa kuweka vifaru sita katika hifadhi ya Ziwa, wanne kutoka Kenya na wawili kutoka Marekani. Wa kwanza kuzaliwa huko alizaliwa mwaka 2009.

Na ulinzi wenyewe una gharama kwa watu. Elgon ilifanywa mbuga ya taifa upande wa Kenya mwaka 1968 na upande wa Uganda mwaka 1993. Wabenet, ambao mababu zao waliishi katika misitu ya juu ya mlima ule, waliondolewa. Mwaka 2005 Mahakama Kuu huko Mbale iliwatambua kuwa wenyeji wa asili wa mahali hapo, lakini manung'uniko ya ardhi hayajakwisha. Wapiganapo tembo nyasi huumia. Nyakati nyingine nyasi huumia hata tembo wanapolindwa.

Nyayo zilizobaki katika lugha

Wanyama wakiondoka, majina hubaki muda fulani kama nyayo katika tope lililokauka. Mwalimu wa mpakani ana bahati, kwa maana darasa lake lina lugha za jamii mbalimbali. Ndovu wa Kiswahili ni njovu kwa Waganda, na Waluhya wana jina lenye mzizi uo huo. Hata Mzulu wa kusini humwita indlovu. Mbogo ni mbogo kwetu, kwa Waganda na kwa Waluhya. Chui ndiye ingwe wa Waluhya, jina linalopigiwa makelele kila timu ya AFC Leopards ya Nairobi ichezapo. Mteso, ambaye lugha yake si ya Kibantu, humwita ndovu etom. Mjaluo humwita liech, na nyati humwita jowi, jina litumiwalo kumsifu shujaa. Kiswahili nacho kina hazina yake: mtu aliyekasirika amegeuka mbogo, ndovu hashindwi na mkonga wake, simba mwenda pole ndiye mla nyama.

Maneno haya hayakutungwa na watu waliokaa ndani ya gari wakatazama kwa dakika tano. Yalitungwa na watu waliowajua wanyama kwa tabia. Anayesema "simba mwenda pole" amemwona simba akinyemelea, akavumilia kutazama mpaka mwisho.

Neno kwa walimu

Nimelieleza jambo hili kwa urefu kwa sababu nadhani somo letu lina dhima hapa. Wengi wa wanafunzi wetu hawatapata nauli ya kwenda mbugani, na si haki kuwafanya wajione maskini wa urithi kwa ajili hiyo. Lakini twaweza kuwapa safari ya namna nyingine. Mwezi uliopita niliwatuma wanafunzi wangu kwa wazee, kila mmoja alete jina la mnyama mmoja mkubwa kwa lugha ya nyumbani, methali moja na habari moja. Wengi walirudi na kiboko wa mto Sio. Binti mmoja alirudi na habari iliyotoka kwa baba wa babu yake, aliyekuwa mpagazi. Hakukumbukwa kwa kuua mnyama yeyote. Alikumbukwa kwa sababu alikuwa akisikia ndovu kabla ya wenzake kuwaona, kwa mlio wa matumbo yao usiku.

Nilimwambia binti yule aandike habari ile kwa Kiswahili sanifu, na juu yake aandike jina kamili la mzee. Aliuliza kama jina linahitajika, kwa kuwa halimo kitabuni. Nikamjibu kwamba ndiyo sababu linahitajika.

Mwisho wa kipindi niliishika tena sarafu ya shilingi tano. Safari hii jina lilitajwa na darasa zima: kifaru. Yule aliyesema kwamba ni gari la vita akaongeza, "Na pembe yake ni kipusa." Hawajamwona bado, lakini sasa wanajua kwamba alikuwapo.